Kiasi cha Bunduki

Katika kamusi za zamani za Kiswahili kuna matumizi ya neno moja ambayo vijana wa leo hawayajui. Mahali ambapo sisi husema risasi, tukimaanisha kitu kizima kinachoingizwa katika bunduki, wazee wa pwani walisema kiasi. Kiasi cha bunduki. Wangeweza kukiita moto wa bunduki au nguvu yake, lakini walichagua kukiita kipimo. Sababu yake si ngumu kuiona. Katika zama za gumegume na gobole hapakuwa na risasi ya kununua ikiwa imekamilika. Kila mlio ulipimwa kwa mkono: baruti ikamiminwa mtutuni, ikashindiliwa kwa mdeki, kipande cha risasi kikafuata, fataki ikawekwa mwisho. Aliyekosea kipimo alikosa nyama, na aliyekosea sana alikosa mkono.

Katika insha hii nakusudia kuhakiki jinsi watu wanavyochagua kiasi cha bunduki ya shabaha kwa masafa mafupi, yaani mita mia moja au mia mbili. Nitaanza na desturi ya wazee wa gobole wa huku kwetu Rungwe, niende kwa kitabu cha daktari mmoja wa Marekani, kisha nifikie mashindano ya siku hizi ambamo mpigaji hujijazia maganda yake mwenyewe. Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu mstaafu ana lipi la kusema juu ya bunduki. Nami namjibu kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupima, na baadaye kuwafundisha walimu namna ya kupima. Sijapata kuona mahali ambapo makosa ya upimaji hujianika waziwazi kama kwenye karatasi yenye matundu.

Tuanze na gobole. Wale waliokulia pembezoni mwa misitu ya Rungwe wanakumbuka kwamba mahindi na migomba haikuwa na adui mkubwa kuliko nguruwe pori, na kwamba gobole liliheshimiwa kama mlinzi wa shamba. Mtutu wake aghalabu ulikuwa bomba la chuma lililopitia mikononi mwa mhunzi. Halikuwa na mifuo ndani ya kuzungusha risasi, wala kilengeo cha maana. Ukilitazama kwa macho ya mpigaji wa mashindano utasema hapa hakuna cha kuhakiki. Utakuwa umeharakisha. Walikuwepo wazee ambao kwa hatua thelathini walipiga mahali walipotaka, na walikuwepo wengine wenye magobole ya mhunzi yule yule ambao walipiga popote. Tofauti yao haikutoka kwenye chuma.

Namkumbuka mzee mmoja wa upande wa mlimani aliyekuwa na kipimo cha ncha ya pembe ya ng'ombe. Alikijaza baruti, akapitisha kidole juu yake ili kusawazisha, na kile kilichozidi kikarudi kibuyuni. Mdeki wake ulikuwa na alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Ya kwanza ilionyesha mtutu mtupu, ya pili ilionyesha mtutu uliojazwa sawasawa. Kama alama ya pili haikufika palepale kwenye mdomo wa mtutu, hakupiga. Siku moja nilimwuliza, "Tata, mbona huongezi kidogo? Nguruwe ni mnyama mkubwa." Akanijibu pasipo kuinua kichwa, "Mwalimu, nguruwe hafi kwa kelele."

Jirani yake alijaza kwa kiganja. Leo kiganja kidogo, kesho kiganja kikubwa, kwa kadiri ya hasira aliyokuwa nayo juu ya nguruwe. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Mtutu wake ulipasuka, naye akaishi miaka yake iliyobaki na vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Watu walisema lile gobole lilikuwa bovu. Huenda. Lakini gobole bovu lenye mdeki wenye alama lingemwonya mwenyewe kabla.

Desturi hii ina mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, mzee wa pembe alijua kwamba usahihi huzaliwa na usawa kati ya mlio na mlio, na kwamba nguvu ni jambo jingine. Pili, alijua kwamba kiasi hakikai peke yake duniani. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wetu huingia hata kwenye sanduku la nguo. Baruti nyeusi hunywa unyevu, na masizi yake huacha utando ndani ya mtutu, hivyo mlio wa tatu hautoki katika mtutu ule ule uliotoa mlio wa kwanza. Mzee alipangusa mtutu baada ya kila mlio, na siku za ukungu hakuamini baruti iliyolala kibuyuni wiki nzima. Huo ni ujuzi, nami sioni haya kuuita elimu.

Lakini desturi hiyo ina dosari, na ni dosari ya ushahidi. Wazee wa gobole walihesabu yaliyopata. Nguruwe aliyeanguka aliingia katika hadithi ya jioni, na kiasi kilichomwangusha kikawa kiasi kizuri. Nguruwe aliyekwenda zake alitafutiwa sababu nje ya bunduki: upepo, jicho la mtu, dawa iliyofukiwa shambani. Kwa hesabu ya namna hiyo kila kiasi hushinda. Pamoja na heshima yangu kwao, lazima niseme kwamba hawakuwa na kitabu cha waliyoyakosa.

Kitabu hicho kiliandikwa na mtu mwingine, mbali na hapa. Mwaka 1909 daktari wa Massachusetts aitwaye Franklin W. Mann alitoa kitabu chake The Bullet's Flight from Powder to Target, kinachofuata safari ya risasi tangu kwenye baruti hadi kwenye shabaha. Mann alikuwa amechoshwa na maelezo ya wapigaji wa zama zake, ambao kila tundu lililopotoka walilipa sababu yake bila kulijaribu. Akajenga nguzo ya zege ya kushikia mtutu ili mkono wa mtu, pumzi yake na jicho lake visihusike. Akasimamisha karatasi nyembamba njiani ili aone risasi ilivyokuwa ikiyumba kabla ya kufika. Kisha akafanya jambo linalonipendeza kuliko yote: akaziharibu risasi kwa makusudi, nyingine kwenye ncha, nyingine kwenye kitako, akazipiga na kupima. Watu wengi wangedhani ncha ndiyo muhimu, maana ndiyo inayotangulia. Majaribio yakaonyesha kwamba jeraha dogo la kitako huipotosha risasi zaidi kuliko jeraha la ncha, kwa sababu kitako ndicho cha mwisho kuagana na mtutu, na gesi ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine huisukuma risasi kando.

Nakisifu kitabu hiki kwa uaminifu wake. Mann anaeleza majaribio yaliyoshindwa kwa urefu ule ule anaoeleza yaliyofaulu, na msomaji humwona akiacha wazo alilolipenda kwa sababu karatasi imelikataa. Ningetamani kila mwanachuo wa ualimu asome walau sura moja ya namna hiyo. Nakilaumu kwa mpangilio. Kinakwenda kama shajara, jambo moja linakatizwa na jingine, na anayetafuta hitimisho hana budi kulikusanya mwenyewe kama mtu anayeokota chai iliyomwagika njiani. Lawama yangu kubwa zaidi ni juu ya ahadi yake. Kitabu chadai kuuondoa mkono wa mtu katika upimaji. Nguzo ya zege iliondoa mkono unaolenga, lakini mkono unaojaza ulibaki. Nani alimimina baruti? Nani aliisukuma risasi ndani, kwa kina gani? Katika masafa mafupi mkono huo wa pili ndio wenye neno, na haukupata sura inayoustahili.

Waliokuja baadaye waliujali mkono huo hata wakafanya mchezo mzima juu yake. Katika Marekani, tangu katikati ya karne iliyopita, kuna mashindano ambamo bunduki hulazwa juu ya meza na mifuko ya mchanga. Mpigaji hupiga risasi tano kwenye shabaha ya yadi mia moja, karibu mita 91, na anayeshinda ni yule ambaye matundu yake matano yamekaribiana zaidi. Hawatafuti katikati ya shabaha. Wanatafuta usawa mtupu. Kwa miaka mingi walitumia risasi ya .222 Remington, iliyotoka mwaka 1950. Mwaka 1975 hivi daktari mpasuaji Lou Palmisano na fundi Ferris Pindell wakaleta ganda fupi nene liitwalo PPC, likaushinda mchezo huo na bado ndilo linalotawala.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Tanzania atalifurahia. Ganda la PPC halikubuniwa kutoka hewani. Lilichongwa kutokana na risasi ya Kirusi ya .220, nayo ilitokana na ganda la milimita 7.62 kwa 39. Hilo ni ganda la bunduki ambazo sisi tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, na wenzetu wa mgambo, tulizijua kwa majina ya SMG na SAR. Ganda ambalo tuliliona likiruka vumbini kwenye uwanja wa shabaha ndilo mzazi wa risasi sahihi kuliko zote kwa masafa mafupi. Anayesema usahihi ni mali ya vyombo vya kifahari na alikumbuke hilo.

Wapigaji hao hujaza maganda yao palepale uwanjani, kati ya zamu na zamu, kwa sababu joto na unyevu hubadilika tangu asubuhi hadi adhuhuri na kiasi cha asubuhi huenda kisifae mchana. Mzee wangu wa pembe angewaelewa mara moja. Angefurahi zaidi kusikia kwamba wengi wao, pamoja na fedha zao zote, hawapimi baruti kwa mizani. Huipima kwa ujazo, kwa chombo cha kuzungusha mkono kinachojaa na kumwaga, ambacho kwa asili yake ni ile ile ncha ya pembe.

Je, huo ni uzembe? Tufanye hesabu. Chukua risasi inayotoka na mwendo wa mita 900 kwa sekunde. Kufika mita mia moja huchukua kama sehemu moja ya tisa ya sekunde, na kwa muda huo huanguka chini kama milimita 65. Kama mlio mmoja umepungukiwa mwendo kwa asilimia moja, risasi itaanguka zaidi kwa milimita moja na ushee tu. Kosa hilo hilo katika masafa ya mita 900 hukaribia sentimita 20. Kwa hiyo anayepiga mbali ana haki ya kuhesabu punje za baruti, lakini anayepiga karibu akitumia usiku kucha kwenye mizani anatibu ugonjwa wa mtu mwingine. Maradhi yake yeye yako kwingine: kichwa cha risasi ambacho uzito wake umeelemea upande mmoja, shingo ya ganda inayokibana leo zaidi ya jana, kina cha kichwa hicho ndani ya ganda, na mtetemo wa mtutu, maana mtutu hutikisika kama uzi wa zeze kila unapolia, na risasi yapaswa kutoka katika hatua ile ile ya mtikisiko. Huu ndio uhakiki wangu wa kwanza kwa wanaoandika juu ya kujaza risasi: wanachanganya masafa, na kumpa mpigaji wa karibu wasiwasi wa mpigaji wa mbali.

Uhakiki wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu namna kiasi kinavyochaguliwa. Desturi iliyoenea ni hii. Mpigaji hujaza viasi kumi vinavyopishana kidogo kidogo. Hupiga risasi tatu kwa kila kiasi, hupima makundi kumi yaliyopatikana, hulichagua dogo kuliko yote, kisha hutangaza kwamba amekipata kiasi cha bunduki yake. Hulikata kundi hilo kwenye karatasi na kulihifadhi katika pochi.

Hebu tumjaribu. Tumpe viasi kumi visivyotofautiana kabisa, vyote kimoja, tusimwambie. Atapata makundi kumi yaliyotofautiana, na lile dogo litakuwa chini ya nusu ya lile kubwa bila shida yoyote. Hii si siri ya bunduki, ni tabia ya namba ndogo. Tena kuna udanganyifu wa pili. Kama bunduki moja yenye kiasi kimoja hutoa, kwa wastani, kundi la milimita 38 kwa risasi kumi, basi bunduki hiyo hiyo, kwa risasi tano, itatoa wastani wa milimita 31, na kwa risasi tatu milimita 24. Hakuna kilichobadilika ila uchache wa mashahidi. Anayelinganisha tatu zake na kumi za mwenzake amejipa ushindi kabla ya kupiga.

Mpigaji huyu mwenye vyombo vya thamani amerudi palepale alipokuwa mzee wa gobole mbele ya moto wa jioni. Amehesabu nguruwe aliyeanguka. Tofauti ni kwamba mzee hakuwa na karatasi, naye anazo kumi, akazitupa tisa.

Yapo majibu, na haki yanidai niyataje. Watasema risasi ni ghali, na mtutu wa mashindano huchakaa. Anayepiga risasi mia akitafuta kiasi ameyala maisha ya mtutu wake. Ni kweli. Watasema pia kwamba mpigaji mzoefu haangalii ukubwa wa kundi tu. Huangalia sura yake, kama matundu yamepangana wima au yamelala kando, na sura humwambia kama kosa ni la kiasi au la upepo. Hilo nalo nalikubali, na ndilo linalomtofautisha fundi na mwanafunzi. Lakini majibu hayo hayaitetei desturi ya kuchagua kundi dogo. Yanatuelekeza kwenye desturi bora, ambayo mabingwa wenyewe huifuata hata pale waandishi wanapoisahau: wasichague kiasi kilichong'aa mara moja, bali kile ambacho jirani zake wa juu na wa chini hupiga karibu sawa nacho. Kiasi chenye majirani wema hustahimili baruti ikipungua kidogo, jua likipanda au mkono ukitetemeka. Kiasi kilichong'aa peke yake katikati ya majirani wabaya mara nyingi ni bahati iliyovaa koti la ujuzi. Kisha kiasi kilichochaguliwa kipigwe tena siku nyingine, katika hali ya hewa nyingine, na makundi yote yawekwe katika hesabu, mazuri na mabaya.

Mwalimu yeyote ameshaona jambo hili lilikoelekea. Katika chuo cha ualimu tulimpima mwanachuo kwa somo moja la mazoezi ya kufundisha, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa kwa dakika arobaini, na kwa dakika hizo hatima ikaandikwa. Wapo waliong'aa siku hiyo na wasing'ae tena. Wapo walioshikwa na woga, ukungu ukawaingia barutini, nao walikuwa walimu. Mtihani wa risasi moja hauna kosa la ukali wala la upole. Kosa lake ni uchache. Ndiyo maana siku zote nilitaka wakaguzi wawili na masomo matatu, na ndiyo maana sikupendwa na wahasibu.

Neno moja juu ya sheria, lisije likaeleweka vibaya. Sisemi haya ili mtu akachimbue gobole la babu yake darini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na magobole mengi yamesalimishwa kwa hiari. Misitu yetu nayo si ile ya kuwinda kila kinachotikisika. Katika misitu ya Rungwe ndimo watafiti walimotambua mwaka 2003 kima ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote, kipunji, na idadi yake ni ndogo mno kuachiwa bahati ya mtu mwenye mtutu. Namtaka msomaji achukue kipimo, aiache silaha.

Maana kipimo ndicho urithi wenyewe. Mann alituachia ujasiri wa kuandika yaliyoshindwa. Wapigaji wa mezani walituonyesha kwamba mkono wa mtu ukifundishwa waweza kurudia jambo lile lile mara tano hata matundu matano yakawa tundu moja lenye kingo chakavu. Mzee wa pembe, ambaye hakuandika kitu, alichonga alama mbili kwenye mdeki na kukataa kupiga zisipokubaliana. Kati ya hawa watatu, ningeanza na yeye kumfundisha kijana, kwa kuwa alama zake zilimzuia kabla ya mlio, na wengine wote hupima baada yake. Ila ningemwekea kijana huyo daftari pembeni, aandike humo kila nguruwe aliyekwenda zake.